Majina Sita Chini ya Kufuli Mbili

Habari hii nilisimuliwa na mkwe wangu Ansgar, mume wa binti yangu Mwanaidi, mwaka juzi, Jumapili ile ya mwezi wa kumi ambayo saa hurudishwa nyuma. Alikuja kwangu Fürth, huku Ujerumani, asubuhi, mkewe akiwa zamu hospitalini, akaketi kwenye meza ya jikoni na bahasha nene ya karatasi, penseli nyekundu na penseli ya buluu. Nikamwambia kama amekuja kuchora aseme mapema nimtafutie mkasi na gundi, na kama amekuja kula, viazi vile pale. Akamenya viazi. Na katika kumenya akasema yote, kwa sababu mtu mwenye aibu akishika kisu na kiazi huongea vizuri kuliko akitazamwa usoni.

Ansgar anafanya kazi Nuremberg, katika kampuni inayotengeneza visanduku vya sauti. Kisanduku chenyewe kwa ukubwa ni kama Biblia ya madhabahuni. Maikrofoni inaingia upande huu, spika upande ule, katikati kuna kompyuta. Lakini kompyuta haijui sauti ni mdudu gani mpaka iandikiwe, na hayo maandishi wanayaita kiendeshi. Kiendeshi kikiwa kizuri, mchungaji anasikika. Kikiwa kibaya, mchungaji ananguruma kama trekta.

Sasa, pale kwao kiendeshi hakitoki mlangoni mpaka wengine wakisome, na kila aliyesoma anaandika chini yake: Nimekagua, kisha jina lake lote. Jina hilo halifutiki. Miaka hamsini kutoka leo mtu akifunua, atalikuta. Na wale si watu wa kutia sahihi ovyo; mkataba wa kukodi baiskeli wanausoma mpaka zile herufi za chini za kutafuta kwa miwani. Ndiyo maana yaliyotokea yaliwashangaza hata wenyewe.

Mkaguzi wa kufuli alikuwa mmoja tu, Bi Walburga Kestler, mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mwenye daftari la miraba na mkate wa soseji ya ini aliokula saa sita kamili, si dakika moja kabla wala baada. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikitikisika. Vijana walimcheka kwamba anasali. Lakini kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kuweka jina mahali ambapo kidole chake hakikupita, na katika visanduku vyote vilivyobeba jina lake, hakuna kilichowahi kuganda. Mume alishamwacha, paka alishakufa. Hilo jina ndilo lilikuwa mali yake.

Kufuli zenyewe si za chuma. Ndani ya kile kisanduku, akasema Ansgar, kuna kazi nyingi zinazokwenda kwa wakati mmoja. Moja inashughulika na kupandisha na kushusha sauti, nyingine inabeba ile sauti yenyewe kutoka maikrofoni hadi spika. Ili zisikanyagane, kuna kufuli. Anayeingia anafunga, akimaliza anafungua, mwingine anangoja. Kiendeshi hiki kilikuwa na kufuli mbili, moja ya vipimo, nyingine ya sauti. Na kuna wakati kazi moja inazihitaji zote mbili.

Nikamwambia, "Nimeelewa. Ni kama funguo za chini."

Nyumba yetu ina kaya nane, na chini kuna chumba cha kufulia na chumba cha kuanikia, kila kimoja na ufunguo wake na ratiba yake ukutani. Wakati mmoja Bwana Zapf wa ghorofa ya tatu alichukua ufunguo wa kufulia, akafua, akaenda kutafuta wa kuanikia. Huo alikuwa nao Bi Oberle, ambaye aliuchukua mapema asije akaukosa, naye anangoja wa kufulia. Zapf hakurudisha wake kwa sababu nguo zake bado zimo. Oberle hakutoa wake kwa sababu ratiba inasema ni zamu yake. Siku mbili walipandiana ngazi kwa adabu kubwa. "Tafadhali, Bi Oberle, wewe kwanza." "Hapana, Bwana Zapf, nitakushukuru ukianza wewe." Mashuka ya Zapf yakaota ukungu mashineni.

"Ndiyo hiyo hiyo, mama," akasema Ansgar. "Ila kwenye kompyuta hakuna ukungu wa kuwashtua."

Bi Kestler aliliona hilo kwenye kiendeshi. Anayepandisha sauti anachukua kufuli ya vipimo, kisha anaomba ya sauti. Anayesimamisha sauti, kama maikrofoni ikichomolewa, anachukua kufuli ya sauti, kisha anaomba ya vipimo. Wakikutana katikati, kila mmoja ameshika anachotaka mwenzake, na watangojana mpaka Kiyama. Aliichora njia moja kwa nyekundu na nyingine kwa buluu, na pale zilipopishana akaweka alama ya msalaba.

Kumbe hata mashine ilishaliona. Wana chombo chao cha kukagua mpangilio wa kufuli, na chombo hicho kilipiga kelele toka siku ya kwanza. Wakakizima. Walisema kinaifanya sauti ikwaruze.

Lakini wakati Bi Kestler anaweka msalaba wake, kiendeshi kilikuwa tayari na majina sita chini. Wa kwanza alitia jina kwa sababu alijua nyuma yake wanakuja wengine watano. Wa pili alitia kwa sababu wa kwanza ni mtu makini. Wa tatu aliona watu wawili makini. Wa nne alikuwa anaondoka likizo Ijumaa. Wa tano alisoma kweli, ila alisoma nafasi zilizo kati ya maneno. Akakuta mahali pana nafasi mbili panapotakiwa moja, akaandika barua ya kurasa mbili, na paliporekebishwa akatia jina kwa moyo mkunjufu. Wa sita alikuwa Ansgar.

"Watano walishasoma, mama," akaniambia, huku akimenya kiazi mpaka kikawa kama gololi. "Mimi ni nani?"

"Wewe ni wa sita," nikamwambia. "Na hicho kiazi kilikukosea nini?"

Wazee walisema mtumai cha ndugu hufa maskini. Hawakuwa wameona kampuni, lakini walisema.

Bi Kestler alimfuata Ansgar mezani kwake. "Bwana Höhn, umekisoma hiki?"

"Nimekipitia, Bi Kestler."

"Sikukuuliza kama umepita. Hata kuku hupita."

Ansgar akacheka. Alidhani ni utani. Bi Kestler hakucheka, akaondoka na daftari lake.

Alhamisi yake bosi akaita kikao. Bosi wao ni Daktari Rammelmayr, udaktari wa vitabu, si wa sindano, lakini ukimwita bila huo udaktari anageuka kutazama nyuma kama umemwita mtu mwingine. Kisanduku kilikuwa kimeahidiwa mji mdogo wa Zwetschgenried, kwa ukumbi wao mpya, na ufunguzi ulikuwa wiki tatu mbele. Meya mwenyewe alishapigwa picha na kisanduku. Kilichobaki ni jina la Kestler, maana kanuni ya kampuni ilisema kiendeshi chenye kufuli hakitoki bila yeye.

"Bi Kestler," akasema Daktari, "watu sita wamekagua."

"Watu sita wameandika, Bwana Daktari."

"Na hiki unachokiona wewe, kimewahi kutokea?"

"Bado."

"Basi! Kwa hiyo kinafanya kazi."

"Hata mimi nafanya kazi, Bwana Daktari, na nitakufa."

Watu wakainamia vikombe vyao. Daktari akajifuta miwani. "Na ile mashine ya kukagua ilitoa onyo tu. Onyo si kosa, Bi Kestler. Hata pakiti ya sigara ina onyo."

"Na wanaovuta wako wapi?"

"Wako nje, uani."

"Wengine wako makaburini Johannis. Mimi jina langu siweki. Nipeni siku nne nibadilishe mpangilio."

"Siku nne hatuna."

"Wiki tatu mnazo."

"Wiki tatu ni za ufunguzi! Kuna mialiko, kuna hotuba, kuna suala la rangi ya utepe."

Alasiri ile ile ikabandikwa kanuni mpya ukutani, karibu na mashine ya kahawa: kufuli haitoki bila jina la Bi Kestler, au majina sita ya watu wengine. Jumatatu Bi Kestler akahamishiwa kitengo cha vijitabu vya maelekezo, chumba cha chini kando ya tanuri la kupashia nyumba joto. Akaambiwa akiandika vizuri na akiweka jina lake chini ya kiendeshi, atarudi juu. Asipoweka, akae huko mpaka kustaafu.

Ansgar alimwona akishuka ngazi na mmea wake wa chungu. Akataka kusema kitu. Akasema, "Huko chini kuna joto zuri, Bi Kestler."

"Tena sana," akajibu. "Mtu anaweza hata kuangua mayai."

Akaandika kijitabu cha kisanduku cha Zwetschgenried, kurasa kumi na mbili. Ukurasa wa tatu, ndani ya mstatili mweusi, aliandika: Usipandishe wala kushusha sauti wakati maikrofoni inachomolewa, kisanduku kinaweza kuganda. Chini yake akaweka jina lake. Na ukurasa wa mwisho wa kila nakala aliandika kwa mkono, kwa wino, namba ya kisanduku chenyewe, ile iliyopigwa mgongoni mwake. Hakuambiwa aiandike. Aliona tu kwamba kitu ni chake na kijitabu ni chake, na ndugu wajuane. Kijitabu kikapita kwa wakaguzi sita. Wote wakatia majina. Wa tano akabadilisha koma mbili.

Jumamosi ya ufunguzi ilikuwa siku ya sherehe ya kanisa pale Zwetschgenried, kwa hiyo kulikuwa na mti mrefu wenye mapambo uwanjani, bendi ya matarumbeta, wazima moto wa kujitolea wakiuza bia, na soseji tatu tatu ndani ya mkate. Kampuni ilikuja yote. Bi Kestler aliletwa na boksi la vijitabu avigawe mlangoni. Watu walivipokea kwa shukrani wakavikalia, maana viti vilikuwa vipya na baridi.

Kisanduku kilikuwa ndani ya kabati la chuma lililojengewa ukutani, pamoja na swichi yake, vidole vya watu visikifikie. Ufunguo wa kabati alikuwa nao Bwana Eisenbarth, msimamizi wa ukumbi, mzee mwenye koti la kijivu na funguo arobaini kiunoni. Akitembea unasikia kama farasi wa harusi anapita.

Meya, Bwana Schnabel, akapanda jukwaani. Akamshukuru Mungu, akashukuru benki, kisha akafika alikokuwa anaelekea toka asubuhi.

"Ukumbi huu, wapendwa, haukujengwa na chama! Haukujengwa na mkoa! Aliyeamka alfajiri, aliyebisha kila mlango, ni mimi..."

Na kwa kutaka kushuka katikati ya watu wake, akichukue kipaza sauti kisicho na waya, akaichomoa maikrofoni kwa mbwembwe, kama mtu anayechomoa upanga. Dakika hiyo hiyo Daktari Rammelmayr, aliyekaa mstari wa mbele na simu ya kuongozea kisanduku mkononi, akaona sauti iko chini kidogo, akaipandisha kwa kidole.

Kisanduku kikaganda.

Sasa, kisanduku cha sauti kikiganda hakinyamazi. Kinatafuna kile kilichobaki mdomoni. Na kilichobaki mdomoni kilikuwa neno la mwisho la meya.

"Mimi mimi mimi mimi mimi mimi mimi," kikasema kisanduku, kwa spika kumi na sita, mpya zote.

Kwa lugha yao neno hilo ni fupi zaidi, linakatika kama shoka kwenye gogo. Mwanzo watu walidhani ni sehemu ya hotuba. Wengine wakapiga makofi. Meya akatabasamu, akainua mkono kuonyesha inatosha. Haikutosha. Daktari akapiga simu yake kwa kidole, kwa kidole gumba, kwa ngumi. Mimi mimi mimi.

"Fungua kabati!" Daktari akamkimbilia Eisenbarth.

"Nitafungua, Bwana Daktari. Nionyeshe hati ya makabidhiano iliyojazwa."

"Hati gani wakati huu?"

"Kabati ni la mji, kisanduku bado ni cha kampuni. Bila hati kujazwa, mimi nikifungua, nimefungua mali ya watu. Niko miaka miwili kabla ya pensheni."

Daktari akaitoa hati mfukoni. Alikuwa nayo, nzuri, yenye mihuri. "Hii hapa. Ila kuna namba ya kisanduku lazima nijaze, na namba iko mgongoni mwa kisanduku. Nifungulie niisome, kisha nikupe hati."

"Nipe hati iliyojaa, kisha nikufungulie."

"Siwezi kuijaza bila kufungua!"

"Nami siwezi kufungua bila kujazwa."

"Andika namba yoyote!" akasema meya.

Hapo, akasema Ansgar, Daktari na Eisenbarth walimgeukia meya kwa pamoja, kwa mara ya kwanza wakiwa kitu kimoja, nyuso zao kama za watu waliosikia tusi msikitini. Namba yoyote! Kwenye hati!

Mtu akasema basi tuzime umeme wa ukumbi wote. Mkuu wa wazima moto akasimama mlangoni kwa kifua. "Jokofu la bia liko kwenye waya huo huo. Atakayezima, atapita juu ya mwili wangu." Na wazima moto wengine wakasogea nyuma yake, kila mmoja na glasi. Hakuna aliyependekeza tena.

Mimi mimi mimi mimi. Bendi ya matarumbeta ilivumilia robo saa. Kisha mpiga ngoma, bila kutaka, akaanza kufuata. Lilikuwa pigo zuri, halichoki, haliharakishi. Tarumbeta zikaingia. Bibi mmoja akainuka kucheza na mumewe. Meya alikuwa amekaa nyuma ya jukwaa, kichwa mikononi, na sauti yake inachezewa ngoma ya polka.

Bi Kestler alikuwa mlangoni na boksi lake. Ansgar akamwona ametulia anamtazama Daktari, kisha Eisenbarth, kisha Daktari. Halafu akatoa daftari la miraba, akachora mstari mwekundu, akachora wa buluu, akaweka msalaba. Ansgar alikuwa amesimama karibu yake. Akasema, "Bi Kestler, hii ni..."

"Ndiyo, Bwana Höhn. Sasa angalau umeisoma."

Akaenda mbele kwa mwendo wake. Watu wakampisha.

"Mmoja wenu aachie," akasema.

"Yeye kwanza," wakasema wote wawili.

"Bwana Daktari, una kijitabu?"

"Kijitabu gani, Bi Kestler, hapa tunaungua!"

"Unakikalia. Ulikuwa unakikalia. Nenda kakichukue kitini, fungua ukurasa wa mwisho."

Daktari akaenda, akakichukua kikiwa na joto, akafunua. Namba ile pale, kwa wino, kwa mwandiko wa shule. Akajaza hati. Eisenbarth akaisoma yote, mbele na nyuma, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa kampuni. Akatia sahihi. Akachagua ufunguo mmoja kati ya arobaini. Kabati likafunguka, swichi ikazimwa.

Ukimya ulioingia pale, Ansgar alisema, ulikuwa kama maji baridi. Meya akainuka, akakohoa, akasogea ukingoni mwa jukwaa, akafungua kinywa, "Mi..." Ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko. Hotuba haikuendelea. Bia iliendelea.

Wakati wa kufunga boksi, Daktari alikuwa anapeperushia uso wake kijitabu, na katika kupeperusha akaona mstatili mweusi wa ukurasa wa tatu. Akausoma. Akausoma tena.

"Hii iliandikwa lini?"

"Wiki mbili zilizopita, Bwana Daktari."

"Na nani alikagua?"

"Watu sita."

Jumatatu Daktari alishuka mwenyewe kwenye chumba cha tanuri, na si mtu wa kushuka ngazi. Akamwambia Bi Kestler arudi juu, meza yake inamsubiri. Kulikuwa na jambo dogo tu. Mji umeandika barua kuuliza nani alikagua kufuli. Kama angekubali jina lake liwekwe kwenye kile kiendeshi cha kwanza, kwa tarehe ya mwezi uliopita, ionekane kampuni ilimshirikisha mtaalamu, lakini bahati mbaya ikatokea.

"Yaani mnataka jina langu likae chini ya kosa ambalo nililikataa."

"Kwa heshima ya kampuni."

"Jina langu liko ukurasa wa tatu, Bwana Daktari. Likae huko." Akainama, akaendelea kuandika kijitabu cha mtambo mwingine. "Na joto la hapa linanifaa magoti."

Daktari akapanda ngazi, akashuka tena Jumanne. Safari hii hakutaja tarehe. Akamwomba alirekebishe kosa. Akalirekebisha nyumbani kwake, kwa jioni tatu. Mistari sita tu, kwamba kila atakayehitaji kufuli zote mbili, aanze na ya vipimo, siku zote, awe nani. Akaituma kwa wote, na chini akaandika sharti moja: Asitie jina asiyechora njia zote kwa rangi mbili na kuambatisha mchoro.

Barua zikamiminika. Huyu akauliza kama neno "kwanza" lisingekuwa "mwanzoni". Huyu akataka ujumbe uwe na mistari mifupi. Wa tano akakuta nafasi moja panapotakiwa mbili. Barua kumi na tisa kwa mistari sita, bila mchoro hata mmoja. Wa nne alikuwa likizo.

"Basi Ijumaa amekuja mezani kwangu," Ansgar akaniambia, viazi vikichemka. "Aliweka penseli hizi mbili, akaondoka. Aliyeandika hajikagui, bila jina la pili haitoki, mama. Na ikitoka kwa majina ya wale wasiochora, amesema anaenda pensheni mapema, na lake haliweki."

"Na wewe umeogopa nini?"

"Naogopa nikisoma nisione kitu. Nitajuaje kama nimesoma au nimepita?"

Nikamwambia mimi niliishia darasa la nne, na mwalimu wetu alikuwa anapima kwa njia moja. Ukishasoma, unaweza kumwambia mwenzio kilichomo bila kutazama. Nieleze mimi. Akasogeza sahani, akatandaza karatasi mezani pote mpaka juu ya mkate. Akapita kwa kidole. Nyekundu, huyu anapandisha sauti: vipimo, kisha sauti. Buluu, huyu anasimamisha: vipimo, kisha sauti. Sawa. Wote wanaingia kwa mlango mmoja. Midomo yake ikaanza kutikisika. Nikamwacha, nikageuza nyama.

Tulikula karatasi zikiwa zimekunjwa pembeni. Alipomaliza akarudi kwenye ukurasa wa nyuma kabisa, ambao alisema ni wa kifo tu, yaani mtu akikichomoa kisanduku chenyewe kingali kinaimba. Kidole kikasimama.

"Mama."

"Nini?"

"Huyu wa tatu. Huyu anachukua ya sauti kwanza. Bado. Hakuguswa." Akachora, akarudia kuchora. Msalaba ukatokea tena. Akawa mweupe kuliko alivyozaliwa. "Bi Kestler amemkosa huyu."

Akachukua simu. Nikatazama ukutani: saa saba u nusu mchana, Jumapili. Katika nchi hii saa hiyo huwezi kupigilia msumari, huwezi kutupa chupa pipani, na kumpigia mtu simu ni kama kumwingilia bafuni. Ansgar anajua kuliko mimi, kazaliwa humo. Akapiga. Akaiweka mezani, sauti wazi.

"Kestler." Sauti ya mtu aliyeketi wima.

"Bi Kestler, ni Höhn. Samahani sana, najua ni saa ya mapumziko..."

"Unajua na umepiga."

"Ukurasa wa mwisho. Anayechomoa kisanduku. Anaanza na kufuli ya sauti."

Tulisikia karatasi zinafunuliwa, moja moja, bila haraka. Kidole kinapita, nilikisikia kwa masikio yangu kikikwaruza.

"Mstari wa ngapi?"

Akamtajia.

Kidole kikapita tena, tangu mwanzo. Nikafikiri, basi, amemvunja mama wa watu, miaka yote hiyo.

"Ni kweli," akasema Bi Kestler. "Nimemkosa." Kisha, taratibu, "Umechora?"

"Nimechora."

"Kwa rangi mbili?"

"Huyu nilimwekea penseli ya kawaida. Rangi zilikwisha."

Akacheka. Ansgar aliniambia baadaye hajawahi kumsikia akicheka, alidhani simu imeharibika. "Miaka ishirini na sita, Bwana Höhn, nimekaa macho kwa ajili ya watu wote. Kila kilichotoka, nikilala, najiuliza, na kama nimekosa mahali, nani ataona? Kesho tutarekebisha huyo wa tatu. Jina lako litakaa chini ya langu. Hayo mawili yanatosha. Wale sita... wale watano, waambie wapumzike."

"Na utarudi juu, Bi Kestler?"

"Nitarudi. Uje unisaidie kubeba mmea. Sasa niache, ni saa ya mapumziko, na leo ina saa moja ya ziada."

Lakini hakukata simu. Nadhani aliiweka tu mezani, kama sisi. Tukasikia kiti kinalalamika, kiatu kimoja kinaanguka, kisha cha pili. Ansgar akanyoosha kidole akate, nikamzuia kwa jicho. Muda kidogo ikaja pumzi ndefu, kisha nyingine, kisha koromo jepesi la mtu asiyemngoja yeyote. Mkwe wangu hakulisikia. Kichwa chake kilikuwa juu ya karatasi, penseli ingali mkononi, naye kashalala.